Dawa ya nzige kwenye chandarua na maji ya kunywa: je, mwanao yuko salama?

Mama na mlezi wa Pemba, huenda umewahi kuambiwa kwamba baadhi ya dawa zinazotiwa kwenye vyandarua, au kwenye matangi ya maji ili kuua viluwiluwi vya mbu, ni "dawa za nzige". Ukiisikia kauli hiyo una haki ya kushtuka. Hakuna mzazi anayetaka mtoto wake alale chini ya sumu ya nzige, wala kumtilia sumu hiyo kwenye kikombe cha uji.

Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo haujakamilika. Ipo jamii ya dawa zinazoitwa dawa za kuzuia wadudu kukua. Baadhi yake hutumika kupambana na nzige, na ndugu zake hutumika kupambana na mbu. Kwenye ukurasa huu tunaeleza dawa hizi zinafanya nini ndani ya mwili wa nzige, kwa nini zimeingia katika vita dhidi ya malaria, zina hatari gani kwa mtoto, na wewe ufanye nini nyumbani.

Kwa nini jambo hili linazungumzwa sasa?

Kuna mambo mawili.

La kwanza ni nzige wenyewe. Mwishoni mwa Disemba 2019 makundi makubwa ya nzige wa jangwani yaliingia kaskazini mwa Kenya yakitokea Somalia na Ethiopia. Kwa Kenya lilikuwa vamizi baya kuliko yote kwa miaka 70. Mwanzoni mwa 2021 baadhi ya makundi yalifika kaskazini mwa Tanzania Bara. Watu wengi waliona kwenye televisheni na simu zao ndege zikimwaga dawa juu ya mashamba na malisho, na tangu hapo maneno "dawa ya nzige" yamebaki kuwa ya kutisha.

La pili ni malaria. Zanzibar imepiga hatua kubwa. Kwa zaidi ya miaka 10, kati ya kila watu 100 wanaopimwa katika uchunguzi wa jamii, hata mmoja kwa kawaida hakutwi na vimelea. Mafanikio hayo yametokana na dawa mseto, vyandarua vyenye dawa, upuliziaji wa kuta na ufuatiliaji wa kila mgonjwa. Lakini mbu nao hawakukaa kimya. Uchunguzi uliofanywa Pemba kuanzia mwaka 2010 hivi ulionyesha kwamba mbu wa malaria wa hapa wamekuwa sugu kwa pirethroidi, yaani dawa zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto. Pirethroidi ndiyo dawa iliyomo katika vyandarua vya kawaida. Kwa sababu hiyo upuliziaji wa majumbani ulilazimika kuhamia dawa za aina nyingine, na kwa sababu hiyo hiyo dunia ikaanza kutafuta vyandarua vyenye dawa mbili. Mojawapo ya dawa hizo za pili ni ya kuzuia wadudu kukua.

Dawa hizi zinafanya nini ndani ya mwili wa nzige?

Ili uelewe kama dawa inaweza kumdhuru mwanao, inafaa kwanza ujue inamuua vipi mdudu.

Nzige hana mifupa ndani ya mwili. Kinachombeba ni ganda la nje, na ganda hilo limejengwa kwa kitu kinachoitwa kitini. Unakifahamu hata kama hujawahi kusikia jina lake. Ganda la kamba, la kaa na la mende yote yana kitini.

Ganda hilo halitanuki sana. Kwa hiyo nzige mchanga, ambaye kwa Kiswahili huitwa tunutu, hulazimika kujivua ganda la zamani kila anapokua na kujenga jipya. Tunutu wa nzige wa jangwani kwa kawaida hujivua mara 5 kabla hajawa nzige kamili mwenye mabawa. Kila anapojivua ni saa ya hatari kwake, kwani ganda la zamani limekwisha kutoka na jipya bado ni laini.

Dawa za kuzuia ukuaji huvizia saa hiyo. Ziko za aina mbili kubwa.

*Aina ya kwanza huzuia kujengwa kwa kitini.* Humo kuna diflubenzuroni, teflubenzuroni na triflumuroni. Diflubenzuroni iligunduliwa Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tangu wakati huo wanasayansi wameitumia kuuchunguza mwili wa nzige kiungo kwa kiungo. Haya ndiyo waliyoyaona:

- Seli za ngozi ya tunutu hubaki hai, lakini haziwezi kutandaza kitini. Ganda jipya hutoka jembamba na dhaifu. Tunutu anapojivua huchanika, hukwama ndani ya ganda la zamani, au hupoteza maji ya mwili na kufa.
- Miguu ya nyuma, ile ya kurukia, hukosa ugumu. Akijaribu kuruka, mguu hupinda.
- Ndani ya utumbo wa nzige kuna utando mwembamba unaozikinga seli zisikwaruzwe na majani makavu anayoyala. Utando huo nao una kitini. Nzige akila dawa, utando hautengenezwi inavyotakiwa.
- Kinda lililomo ndani ya yai linaweza kushindwa kuanguliwa, kwa sababu nalo linahitaji ganda.

*Aina ya pili huiga homoni ya utoto.* Karibu na ubongo wa nzige kuna tezi ndogo sana zinazotoa homoni inayouambia mwili, "bado wewe ni mtoto, usikomae." Wakati wa kukomaa ukifika, homoni hiyo hupungua na tunutu hugeuka nzige mwenye mabawa. Kwa nzige jike aliyekomaa homoni hiyo hurudi na kufanya kazi nyingine: huamuru mafuta ya mwili yatengeneze chakula cha mayai. Dawa inayoiga homoni hii huleta amri kwa wakati usio wake. Mdudu mchanga hawezi kukomaa, na kwa wadudu wengine jike huwa tasa. Dawa ya kundi hili utakayoisikia zaidi kwenye habari za mbu ni piriproksifeni.

Dawa zote hizi haziui papo hapo. Tunutu hukaa siku kadhaa, mpaka afikie wakati wa kujivua. Kwa nzige aliyekwisha kupata mabawa dawa za kuzuia kitini hazina nguvu kubwa, kwani hatajivua tena. Kwa hiyo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) hupendekeza zitumike kwa tunutu peke yao. Hupuliziwa kwa mistari ya mimea yenye nafasi katikati, na tunutu wakipita wakila hukutana nazo. Katika vamizi la 2019 hadi 2021, Somalia ilitegemea sana njia hii pamoja na kuvu anayeua nzige. Kenya na Ethiopia, ambazo zilikuwa zikikabiliana na makundi yenye mabawa, zilitumia zaidi dawa za kuua kwa haraka.

Hapa ndipo neno "dawa ya nzige" linapotupotosha. Zile dawa za kuua haraka, kwa mfano klopirifosi na fenitrothioni, hushambulia mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo mwanadamu anayo pia, na njia inayozibwa kwa mdudu ni ileile iliyomo mwilini mwetu. Dawa za kuzuia ukuaji hushambulia kitini na homoni ya utoto, vitu ambavyo mwanadamu hana. Mwanao hana ganda la kujivua, na kukua kwake hakuongozwi na homoni ya wadudu.

Kwa hiyo hazina madhara kabisa?

Hapana, tusiende mbali hivyo. Kemikali yoyote inaweza kudhuru kiwango kikizidi, na mwili unaweza kudhurika kwa njia nyingine mbali na ile inayomuua mdudu. Tuzitazame dawa mbili kwa hesabu ndogo.

*Piriproksifeni.* Shirika la Afya Duniani (WHO) limeruhusu itumike kwenye maji ya kunywa yanayohifadhiwa, kwa kiwango kisichozidi miligramu 0.01 kwa lita moja. Kikomo cha usalama kilichowekwa na wataalamu, yaani kiasi ambacho mtu anaweza kukipata kila siku maisha yake yote bila kutarajiwa kudhurika, ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 10 anayekunywa lita moja kwa siku atapata miligramu 0.01, na kikomo chake ni miligramu 1. Kiasi anachopata ni sehemu moja kati ya mia ya kikomo hicho. Hata mtoto mchanga wa kilo 5 anayepewa maziwa ya chupa yaliyokorogwa kwa maji hayo, robo tatu ya lita kwa siku, yuko mara 60 na zaidi chini ya kikomo chake.

*Diflubenzuroni.* Hesabu yake ni tofauti. Kiwango chake kwenye maji ni kikubwa zaidi, hadi miligramu 0.25 kwa lita, na kikomo chake cha usalama ni kidogo zaidi, miligramu 0.02 kwa kilo. Mtoto wa kilo 5 wa maziwa ya chupa anaweza kupata karibu miligramu 0.19 kwa siku, wakati kikomo chake ni miligramu 0.1. Hapo amekivuka. Kwa wanyama wa maabara waliopewa dawa hii kwa wingi, madhara yaliyoonekana mapema yalikuwa kwenye damu: uwezo wake wa kubeba oksijeni ulipungua. Watoto wachanga ni wepesi kupata tatizo la aina hiyo kuliko watu wazima.

Kukivuka kikomo si sawa na kuugua, maana vikomo hivi huwekwa chini sana ya kiwango kilichodhuru wanyama. Hata hivyo WHO yenyewe inashauri kwamba, inapowezekana, watoto wadogo na wachanga wanaokunywa maziwa ya chupa wapewe maji kutoka chanzo kingine kwa muda baada ya dawa hiyo kutiwa.

Kwa mama, jambo la kushika ni hili: swali la kwanza kumuuliza mtu anayetaka kutia dawa kwenye maji yako liwe "Ni dawa gani, na kwa kiasi gani?" Jibu la "ni dawa ya serikali tu" halitoshi. Na mtoto anayenyonyeshwa maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, kama inavyoshauriwa, hahitaji maji ya tangi kabisa. Kumnyonyesha ni kinga dhidi ya kipindupindu na kuharisha, na hapa pia humuepusha na hesabu hii yote.

Na ule uvumi wa watoto kuzaliwa na vichwa vidogo?

Baadhi yenu mmewahi kuupata kwenye simu ujumbe unaosema piriproksifeni husababisha watoto kuzaliwa na vichwa vidogo. Chanzo chake ni Brazili. Mwishoni mwa 2015 watoto wengi kaskazini mashariki mwa nchi hiyo walizaliwa wakiwa na vichwa vidogo kuliko kawaida. Februari 2016 kundi moja la madaktari wa Argentina lilidai kwamba chanzo ni dawa hiyo, ambayo Brazili ilianza kuitia kwenye matangi ya maji mwaka 2014. Jimbo moja la nchi hiyo likasimamisha kuitumia.

Dai hilo lilipochunguzwa halikusimama. Mji wa Recife, uliokuwa miongoni mwa miji iliyoathirika zaidi, haukuwa ukitumia piriproksifeni. Watafiti walipolinganisha maeneo yaliyoitumia na yale yasiyoitumia, hawakuona tofauti ya maana katika idadi ya watoto walioathirika. Ushahidi ulielekeza kwenye virusi vya Zika, ambavyo huenezwa na mbu aina ya Aedes. Huyo ni mbu yuleyule anayeeneza homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2019, na huzaliana kwenye maji safi ya mitungi, mapipa na vifuu vya nazi.

Tazama uvumi ule ulivyoweza kuwaponza kina mama wa kule: uliwataka waiondoe dawa inayozuia mbu, wakati mbu ndiye aliyekuwa akileta maradhi yaliyowadhuru watoto wao.

Vyandarua vyenye dawa hii vinafanya kazi?

Ushahidi mzuri zaidi umetoka kwetu Tanzania. Kuanzia mwaka 2019, katika wilaya ya Misungwi mkoani Mwanza, watafiti waligawa aina 4 za vyandarua vijijini. Aina moja ilikuwa na pirethroidi peke yake. Nyingine 3 zilikuwa na pirethroidi pamoja na kitu cha ziada: piriproksifeni, au klofenapiri, au kemikali inayovunja usugu wa mbu iitwayo PBO. Baada ya miaka 2 waliwapima malaria watoto wa miezi 6 hadi miaka 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022:

- Chandarua cha kawaida: watoto 46 hivi kati ya 100 walikuwa na vimelea.
- Chandarua cha PBO: watoto 41 hivi kati ya 100.
- Chandarua cha piriproksifeni: watoto 37 au 38 kati ya 100.
- Chandarua cha klofenapiri: watoto 26 hivi kati ya 100.

Ukizitazama namba hizi utaona kwamba piriproksifeni ilipunguza kidogo, lakini tofauti yake na chandarua cha kawaida haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa shaka kwamba imetokea kwa bahati tu. Klofenapiri ndiyo iliyoonyesha tofauti iliyo wazi. Machi 2023 WHO ikatoa mapendekezo yanayofuata matokeo hayo na ya utafiti kama huo uliofanyika Benin: ilivipendekeza kwa nguvu vyandarua vya klofenapiri, na vile vya piriproksifeni ikavipendekeza kwa masharti.

Kwa nini dawa inayomvuruga nzige kiasi kile isiwe na nguvu zaidi kwa mbu? Tukumbuke inavyofanya kazi. Piriproksifeni kwenye chandarua haimuui mbu jike aliyekomaa. Kazi yake ni kumfanya tasa. Mbu huyo anaweza kukuuma leo na kesho, ila hataacha kizazi. Ili faida ionekane, mbu wengi lazima waguse chandarua, na watu wengi lazima walale ndani yake. Misungwi, kadiri miaka ilivyopita, nyavu zilichanika na watu wengi wakaacha kuzitumia. Tena, maabara imeonyesha kwamba vimeng'enya vinavyomsaidia mbu sugu kuvunja pirethroidi vinaweza kuivunja piriproksifeni pia. Huenda hiyo nayo ni sehemu ya sababu.

Kwa Pemba somo liko wazi. Suala la kuamua ni chandarua gani kije visiwani ni la Programu ya Kumaliza Malaria Zanzibar na Wizara ya Afya. Wewe kama mwananchi unaweza kuuliza kama uchaguzi huo umefuata ushahidi kama huu wa Misungwi. Lakini chandarua chochote chenye dawa, kikitundikwa vizuri na mtoto akalala ndani yake kila usiku, ni bora kuliko chandarua kizuri zaidi kilichokunjwa kabatini kwa sababu ya hofu.

Na kuhusu mtoto anayetafuna ncha ya chandarua, kama watoto wafanyavyo: WHO inapokagua chandarua kabla ya kukipitisha, hukadiria pia kiasi cha dawa anachoweza kupata mtoto mchanga anayekinyonya au kukitafuna. Mzuie inapowezekana, chomeka chandarua chini ya godoro kiwe kimevutika, lakini usikiondoe.

Hatari tunayoisahau: kamba na kaa

Tumesema mwanadamu hana kitini. Kamba, kaa na wadudu wadogo wa majini wanacho, nao hujivua ganda kama tunutu. Dawa za kuzuia kitini ni hatari sana kwa viumbe hawa, hata zikiwa kidogo majini.

Kwa kisiwa kama chetu jambo hili si dogo. Wanawake wengi wa Pemba huenda pwani maji yakitoka, wakaokota chaza na kaa kwa ajili ya kitoweo au kuuza. Kamba wachanga hukulia kwenye mikoko. Dawa inayoishia kwenye mkondo wa mikoko inaweza isimguse mtoto wako moja kwa moja, lakini ikampunguzia chakula sahanini. Ndiyo maana tunasisitiza haya:

- Usifulie chandarua mtoni, kisimani, kwenye bwawa wala ufukweni. Kifulie kwenye beseni, na maji yake uyamwage kwenye shimo au ardhi kavu mbali na kisima.
- Usivulie samaki, dagaa wala kamba kwa chandarua, kiwe kipya au kikuukuu.
- Dawa ya viluwiluwi isimwagwe ovyo kwenye mito, mikoko wala mabonde ya mpunga. Kazi hiyo ni ya watu waliofunzwa, kwa mpango unaojulikana.

Si kila kinga ni kemikali

Zanzibar ina historia ya kujivunia katika jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Makunduchi, Unguja, vyoo vya shimo vilitiwa chembechembe nyepesi za polistirini, ile ya kufungashia vyombo visivunjike. Chembe hizo huelea na kuufunika uso wa maji, hivyo viluwiluwi hukosa hewa na mbu hawapati pa kutagia. Wakati huohuo wananchi walipewa dawa ya minyoo ya matende. Kabla ya hapo karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na vimelea vya matende kwenye damu. Baada ya miaka michache walibaki wachache tu kati ya kila 100. Katika miaka ya 1990 Dar es Salaam nayo ilijaribu chembe hizo vyooni, pamoja na piriproksifeni kwenye mitaro na madimbwi ya maji machafu, kupunguza mbu wa Culex.

Mbu huyo wa Culex ndiye anayeeneza matende na mabusha hapa Pemba, maradhi ambayo Zanzibar imekuwa ikiyapiga vita kwa ugawaji wa dawa tangu 2001. Kuziba karo iliyopasuka na kufunika tundu la choo kunamnyima makazi bila tone la dawa.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. *Funika maji.* Mtungi, pipa na tangi viwe na mfuniko unaoziba au kitambaa kilichofungwa vizuri. Visugue ndani mara moja kwa wiki, maana mayai ya mbu wa dengi hung'ang'ania ukutani mwa chombo. Vifuu, makopo na mipira ya gari viondoe au vigeuze.

2. *Uliza kabla dawa haijatiwa.* Mtu akija kutia dawa kwenye tangi lako, aje kwa taarifa ya sheha au kituo cha afya. Muulize jina la dawa, kiasi chake, na kama maji hayo yanafaa kwa mtoto wa chupa. Kama ni diflubenzuroni, mtengee mtoto mchanga maji mengine.

3. *Usinunue dawa ya shamba kwa matumizi ya nyumba.* Dawa ya kuzuia ukuaji iliyotengenezwa kwa mazao inaweza kuwa na jina lilelile, lakini nguvu yake na vimiminika ilivyochanganywa navyo ni tofauti. Usiitie majini wala usimpake mtoto.

4. *Tunza chandarua.* Kipya kianike kivulini siku moja kabla ya kukitumia. Kifue kwa sabuni ya kawaida kikichafuka, si zaidi ya mara moja kila miezi 3, bila dawa ya kung'arishia nguo, kisha kianike kivulini. Kikitoboka, kishone.

5. *Usile wala usimpe mtoto nzige au panzi kutoka eneo lililopuliziwa dawa.* Ukiwa na jamaa Bara wanaokula wadudu hawa, wakumbushe.

6. *Mtoto akinywa dawa kwa bahati mbaya,* usimtapishe. Chukua chupa au pakiti ya dawa na umkimbize hospitali iliyo karibu, iwe Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee Mkoani. Ile pakiti ndiyo itakayomwambia daktari cha kufanya.

7. *Mtoto akipata homa,* mpeleke kupimwa malaria ndani ya saa 24. Kwa kuwa malaria imekuwa nadra, wengi wetu tumeanza kuidhania kuwa mafua. Akiwa na degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akilegea sana, usisubiri hata saa moja.

Ukiwa na wasiwasi juu ya dawa iliyoletwa shehiani kwako, nenda kituo cha afya na uulize tena mpaka uelewe. Una haki ya kujua jina la kila kinachotiwa kwenye maji ya mwanao, na mhudumu wa afya ana wajibu wa kukujibu.